Matatizo ya ulaji kwa vijana wa kiume: mchango wa hisia na jamii

Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili. Mwenye anoreksia hujinyima chakula hadi akadhoofika. Mwenye bulimia hufakamia, kisha hujitapisha au kufanya mazoezi kupita kiasi ili kufidia. Wapo pia wanaofakamia bila kufidia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Wengi huyaona kuwa maradhi ya wasichana, ilhali daktari Mwingereza Richard Morton alipoyaeleza mwaka 1689, mmoja wa wagonjwa wake wawili alikuwa mvulana wa miaka 16.

Kijana wa kiume mara nyingi hatafuti wembamba. Anataka misuli, na mwili usio na mafuta. Hupima kila kipande cha nyama, hukwepa kula na wenzake, hukasirika akikosa jimu siku moja. Kifua kimejaa, lakini kwenye kioo bado anajiona mdogo. Kwa hiyo mzani peke yake hudanganya: uzito unaweza kuwa wa kawaida kabisa.

Kwa upande wa hisia, kuna wasiwasi, sonona, aibu, na tabia ya kutoridhika mpaka kila kitu kikamilike. Aliyekuzwa akiambiwa mwanamume halii hukosa pa kupeleka maumivu yake. Kujinyima humpa hisia kwamba walau kitu kimoja kiko mikononi mwake. Kufakamia humsahaulisha kwa muda, kisha aibu hurudi na kumsukuma ajinyime tena. Na njaa yenyewe huvuruga akili. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya njema walipunguziwa chakula kwa wiki 24. Wakawa wenye huzuni na hasira, wakajitenga, wengine wakashinda wakisoma vitabu vya mapishi.

Jamii nayo huchangia: dhihaka za utotoni, iwe kwa unene au kwa mbavu kuonekana; ndondi na mieleka, ambako mtu hujikausha maji mwilini ili uzito wake usizidi kiwango anapopimwa; na picha za miili iliyochongwa mitandaoni. Baya kuliko yote, kwa maoni yetu, ni sifa. Msichana asiyekula huulizwa kama anaumwa. Mvulana huambiwa ana nidhamu, na matibabu huchelewa.

Ukitaka kuzungumza naye, usianzie kwenye mwili wake, hata kwa kuusifu. Muulize, "Ukikosa mazoezi leo, siku yako inakuwaje?" Akizimia, au moyo ukidunda polepole mno au bila mpangilio, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu, madini yanayousaidia moyo kudunda, na hilo huweza kusimamisha moyo. Aliyejinyima kwa muda mrefu asishindiliwe chakula kwa ghafla nyumbani: fosfati, madini ambayo mwili huyahitaji, huweza kuporomoka katika damu na kuhatarisha maisha, kwa hiyo kiasi cha kuanzia kipangwe na daktari.