Gari la kale kwenye tangazo la televisheni: yanayodhaniwa na yaliyopo

"Siku hizi kila kitu ni kompyuta."
Nusu yake ni kweli. Mwaka 2016 kampuni ya The Mill ilionyesha Blackbird, gari la umeme lisilo na bodi ambalo urefu na upana wake hurekebishwa. Linaendeshwa barabarani kama kawaida, kisha mafundi wa picha wanalivika umbo la gari wanalolitaka, jipya au la zamani. Lakini kazi kubwa bado ni ya mikono. Kutu unayoiona mlangoni huenda ni rangi tu, na vumbi la safari ndefu limepulizwa dakika chache kabla kamera haijawashwa. Mngurumo wa injini nao mara nyingi hurekodiwa kando, na si lazima utoke kwenye gari lile lile.

"Mwigizaji ndiye anayeendesha."
Akiwa anaongea huku akiangalia pembeni, wasiwasi wangu huanza hapo. Kwa kawaida gari limepandishwa kwenye trela ya chini inayovutwa na lori lenye kamera. Trela ni ya chini kwa sababu moja: gari likikaa juu mno, mapaa ya magari yanayopita dirishani yataonekana chini kuliko inavyopaswa. Tazama pia usukani. Ukizungushwa huku na huko ilhali barabara nyuma yake imenyooka, huyo haendeshi.

"Magurudumu yanarudi nyuma, kwa hiyo picha imechezewa."
Hapa mtengenezaji wa tangazo anasingiziwa. Chukua Ford Model T yenye spoki 12 za mbao kwenye kila gurudumu, ipigwe video kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Gurudumu likizunguka mara 2 kwa sekunde, kila spoki inafika pale ilipokuwa jirani yake kwenye fremu iliyotangulia, nasi tunaona gurudumu limesimama. Huo ni mwendo wa kilomita 17 hivi kwa saa. Likipunguza kasi kidogo tu, litaonekana linarudi nyuma. Hakuna aliyegusa kitu.

"Tangazo ni mchezo wa kuigiza, sheria haihusiki."
Vumbi la bandia halimpeleki mtu popote. Shida huanza pale hila inapogusa sifa yenyewe inayouzwa. Mwaka 1990 Volvo ilirusha tangazo ambamo lori la matairi makubwa linapita juu ya safu ya magari. Yote yanabondeka isipokuwa Volvo. Ikagundulika kwamba Volvo ile ilikuwa imeimarishwa ndani kwa mbao na chuma, na nguzo za paa za magari mengine zilikuwa zimekatwa. Mwaka uliofuata, Volvo na wakala wake wa matangazo walikubali kulipa dola 150,000 kila mmoja katika shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani.

Na maandishi madogo hayakingi. Tangazo la Nissan lilionyesha pikapu ikisukuma kigari cha mchangani hadi kilele cha kilima, na chini ya skrini iliandikwa kwamba tukio hilo ni la kubuni. Tume hiyo hiyo haikuridhika, na mwaka 2014 ilitangaza makubaliano na kampuni, kwa sababu magari yote mawili yalivutwa kwa nyaya, na kilima kilifanywa kionekane kikali kuliko kilivyo.

"Magari ya zamani yalikuwa chuma kweli kweli."
Matangazo yanaishi kwa imani hii. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kwa kasi ya kilomita 64 hivi kwa saa kila moja. Chumba cha dereva cha Malibu kilibaki na umbo lake. Cha Bel Air kilikunjamana, na sanamu iliyokaa kwenye kiti cha dereva ikabanwa humo.