Thamani ya nafasi: kwa nini mashabiki wa NFL hubishana mkimbiaji anapochaguliwa mapema

Tarehe 24 Aprili 2025, mjini Green Bay katika jimbo la Wisconsin, timu ya Las Vegas Raiders ilimchagua Ashton Jeanty, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Boise State. Alikuwa mchezaji wa sita kuitwa katika drafti ya NFL, yaani ugawaji wa wachezaji wa vyuo kwa timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani. Kwa saa za Afrika Mashariki shughuli ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na kulipopambazuka mabishano yalikuwa yameshapamba moto. Ajabu ni kwamba hakukuwa na aliyedai kijana hajui mpira. Msimu wake wa mwisho chuoni alikimbia yadi 2,601, yadi 27 tu chini ya rekodi ya vyuo ya 2,628 aliyoiweka Barry Sanders mwaka 1988. Kilichobishaniwa ni kama timu iliyopoteza mechi 13 kati ya 17 ilipaswa kuitumia zamu ya sita kwa mtu wa kazi hiyo, hata akiwa bora namna gani.

Jambo hilo ndilo linaloitwa thamani ya nafasi. Nafasi hapa ni kazi ya mchezaji uwanjani: kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), mpokeaji wa pasi, mlinzi wa mbele, mkimbiaji. Thamani yake hupimwa kwa maswali matatu. Kazi hiyo inachangia ushindi kiasi gani? Mtu anayeiweza ni adimu kiasi gani? Na ukimkosa leo, kumpata kesho kutakugharimu nini? Mtu anaweza kuwa hodari kuliko wenzake wote wa mwaka wake na bado asistahili kuchaguliwa mapema, kwa sababu kazi yake inaweza kufanywa vizuri na mwingine aliye nafuu zaidi. Wengi wanaoanza kuufuatilia mchezo huu hukwama hapo, na nadhani hukwama kwa sababu za msingi kabisa: kwenye soka tumezoea kwamba mchezaji bora ndiye wa kununuliwa, basi.

Drafti haifanani na dirisha la usajili. Hakuna Simba na Yanga kupandishiana dau juu ya mchezaji mmoja. Wachezaji wanaotoka vyuoni hugawanywa kwa zamu katika raundi saba. Timu 32 hupangwa kuanzia iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hadi bingwa, ambaye huchagua wa mwisho. Aliyechaguliwa hana ruhusa ya kujadiliana na timu nyingine. Utaratibu huu ulianza mwaka 1936 huko Philadelphia kutokana na pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Eagles, aliyechoka kuona klabu tajiri zikikomba wachezaji wote wazuri. Wa kwanza kabisa kuitwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa mkimbiaji, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL.

Kwa hiyo zamu ni mali. Unaweza kuitumia, kuibadilisha kwa zamu mbili au tatu za chini, au kuiuza kwa zamu ya mwaka ujao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jimmy Johnson, kocha wa Dallas Cowboys, alikuwa na jedwali la kupima mali hiyo kwa pointi, na hadi leo mashabiki hulitaja: zamu ya kwanza ni pointi 3,000, ya pili 2,600, ya sita 1,600, ya 35 ni 550. Tuzikumbuke namba hizi, tutazirudia.

Sasa, mkimbiaji anafanya nini? Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikifaulu inapata manne mengine. Katika kila jaribio kwotabeki anaweza kurusha pasi, au kumkabidhi mkimbiaji mpira mkononi naye akajipenyeze katikati ya miili. Kukimbia huleta wastani wa zaidi kidogo ya yadi nne. Kurusha huleta kama sita, hata ukihesabu pasi zilizodondoka na yadi zinazopotea kwotabeki anapoangushwa. Tangu mwaka 1978, kanuni zilipobanwa ili mabeki wasiwasumbue wapokeaji ovyo, mchezo umeegemea pasi zaidi. Mkimbiaji bado anahitajika: huifanya ngome isimtazame kwotabeki peke yake, na hula muda timu ikiwa mbele. Ila si yeye anayebeba timu kama zamani.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko takwimu zote za yadi. Mkimbiaji hajifungulii njia mwenyewe. Wale watu watano wakubwa wa ukuta wa mbele, yaani walinzi wa mbele, ndio wanaosukuma na kutengeneza mwanya. Ukuta ukiwa mbovu, mkimbiaji wa dhahabu anakutana na mabeki watatu kabla hajapiga hatua ya pili. Ukuta ukiwa imara, kijana asiyejulikana anapita. Mwaka 1995 Denver Broncos walimchukua Terrell Davis katika raundi ya sita, mtu wa 196. Alikuwa na kipaji kikubwa, nao ukuta wa Denver ulikuwa miongoni mwa kuta bora za zama zake. Msimu wa 1998 alikimbia yadi 2,008, na Broncos wakachukua ubingwa wa pili mfululizo.

Hesabu ya fedha nayo inaumiza. NFL ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, na tangu mkataba wa pamoja wa 2011 kati ya ligi na wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya hupangwa na zamu aliyochaguliwa, si na kazi yake. Jeanty, kwa kuwa wa sita, alipata takriban dola milioni 36 kwa miaka minne, yaani kama milioni 9 kwa mwaka. Mwaka huohuo mkimbiaji aliyelipwa zaidi, Saquon Barkley, alikuwa ndiye wa kwanza katika historia kufikia wastani wa milioni 20. Kwotabeki ghali zaidi, Dak Prescott, alikuwa kwenye milioni 60. Kwa hiyo timu inayompata kwotabeki mzuri kupitia drafti inaokoa makumi ya mamilioni kila mwaka, na akiba hiyo hununua walinzi, wapokeaji na mabeki. Inayompata mkimbiaji mzuri haiokoi hata robo ya hapo. Siku ya kwanza tu anayotia saini, kijana tayari yumo kati ya wanaolipwa vizuri zaidi katika kazi yake.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Barkley mwenyewe, na haujazeeka.

Mwaka 2018 New York Giants walikuwa na zamu ya pili baada ya msimu wa kushinda mechi tatu tu. Kwotabeki wao, Eli Manning, alikuwa na miaka 37. Katika drafti hiyo walikuwemo Josh Allen, aliyekuja kuchukuliwa wa saba, na Lamar Jackson, aliyechukuliwa wa 32. Giants wakamchagua Barkley. Kama ni kipaji hawakukosea hata chembe: msimu wa kwanza alipata yadi 2,028 kwa kukimbia na kupokea, akatangazwa mchezaji mpya bora wa ushambuliaji. Timu ilishinda mechi tano. Septemba 2020 kano ya goti lake ilikatika. Katika misimu sita aliyokaa New York, Giants waliingia hatua ya mtoano mara moja tu.

Rudi kwenye jedwali la pointi. Zamu waliyotumia Giants ilikuwa ya 2,600. Katika drafti ileile, Cleveland Browns walimpata Nick Chubb kwa zamu ya 35, pointi 550, karibu moja ya tano ya bei hiyo. Chubb akakimbia yadi 1,494 mwaka 2019 na 1,525 mwaka 2022, na kwa miaka ile hakuwa nyuma ya Barkley kwa lolote la kuhalalisha tofauti hiyo.

Hayo ni ya upande mmoja. Barkley alihamia Philadelphia Eagles mwaka 2024 kama mchezaji huru, kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75. Msimu huo alikimbia yadi 2,005, akawa mtu wa tisa kuvuka 2,000. Tarehe 9 Februari 2025, siku aliyotimiza miaka 28, Eagles waliwafunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22 katika Super Bowl, fainali ya NFL. Wanaompenda walisema mmeona sasa, mkimbiaji huleta kombe. Mimi nasema tazama waliokuwa mbele yake. Mlinzi wa kushoto, Jordan Mailata, ni Mwaustralia aliyetoka kwenye raga. Eagles walimchukua mtu wa 233, katika drafti ileile ya 2018, akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Walimfundisha kwa miaka. Kwa hiyo Giants walipokuwa wakimnunua mkimbiaji kwa zamu ya pili, Eagles walikuwa wakiokota kipande cha ukuta mwishoni mwa orodha, na miaka sita baadaye mkimbiaji akaja mwenyewe nyuma ya ukuta huo, akalipwa fedha bila kugharimu zamu yoyote.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema mkimbiaji asichaguliwe kabisa raundi ya kwanza. Kuna kipindi timu zilielekea huko: mwaka 2013 na 2014 hakuna hata mmoja aliyeitwa katika raundi hiyo, na mwaka 2024 ikawa vilevile. Lakini mwaka 2023 Detroit Lions walimchukua Jahmyr Gibbs wa 12 na wakakosolewa vikali. Lions walikuwa tayari na ukuta wa kuogopwa, akiwemo Penei Sewell waliyemchagua wa saba mwaka 2021, na kwotabeki mtulivu, Jared Goff. Walikuwa wanakosa kasi. Msimu wa kwanza wa Gibbs walifika nusu fainali, na wa pili walishinda mechi 15 kati ya 17. Gibbs hupokea pasi vilevile, na hilo hubadilisha hesabu: mkimbiaji anayeweza kusimama kama mpokeaji anakuwa watu wawili katika mshahara mmoja.

Katika ubishi huu huingia pia hoja ya mchezaji bora aliyebaki dhidi ya pengo la timu. Wapo wanaoamini kwamba zamu ikifika unamchukua aliye bora kwenye orodha yako, kazi yake iwe yoyote. Wengine husema unaziba kinapovuja. Kwa nionavyo mimi hoja zote mbili hazikamiliki bila thamani ya nafasi. Orodha ya ubora inayomweka mkimbiaji juu ya mlinzi wa mbele bila kuuliza kila mmoja anapatikana kwa bei gani raundi ya pili ni orodha ya vipaji tu, haijawa mpango.

Tumrudie Jeanty. Raiders msimu wa 2024 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa yadi za kukimbia. Kocha wao mpya wakati huo, Pete Carroll, ndiye aliyeijenga timu ya Seattle ya ubingwa juu ya mabega ya mkimbiaji Marshawn Lynch. Unaelewa sababu yao. Lakini zamu iliyofuata, ya saba, New York Jets walimchukua Armand Membou, mlinzi wa mbele. Hiyo ndiyo bei halisi ya Jeanty: mbali na dola milioni 36, ni Membou aliyekwenda kwingine. Na mwaka huo wakimbiaji walikuwa wengi na wazuri. Quinshon Judkins alipatikana wa 36, TreVeyon Henderson wa 38, RJ Harvey wa 60, Cam Skattebo wa 105. Ningekuwa mezani pale ningechukua ukuta kwanza, kisha nikamsubiri mmoja wa hao. Nayasema haya nikimpenda sana Jeanty, kijana wa familia ya mwanajeshi wa majini aliyeanza kuucheza mchezo huu huko Naples, Italia, na ambaye kumwangusha kulihitaji watu wawili au watatu.

Lipo jambo ambalo mashabiki tunalipita haraka mno tukishika jedwali la pointi. Thamani hii ni ya timu. Mkimbiaji mwenyewe yuko upande wa pili wa hesabu. Kanuni zinamzuia kuingia NFL mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Akishaingia anafungwa miaka minne. Akiwa wa raundi ya kwanza, timu inaweza kumwongezea wa tano kwa uamuzi wake yenyewe. Kisha inaweza kumzuia tena mwaka mmoja mmoja kwa mshahara uliopangwa, kama Giants walivyomwekea Barkley zuio hilo mwaka 2023. Mwili wa mkimbiaji hugongwa karibu kila anaposhika mpira, na wengi huanza kushuka wakiwa na miaka 27 au 28. Akija kuruhusiwa kujadiliana na soko, miaka yake bora imeshatumika. Julai 2023 mkimbiaji Austin Ekeler aliwakutanisha wakimbiaji wakubwa wa ligi kwa njia ya video, Barkley na Chubb wakiwemo, kulizungumza hilo. Kanuni hazikubadilika.

Jeanty alikabidhiwa mpira mkononi mara 374 katika msimu wake wa mwisho chuoni, kabla hajapokea mshahara wa kwanza wa NFL. Raiders wana hadi Mei 2028 kuamua kama watamwongezea mwaka wa tano. Atakuwa na miaka 24.