Je, wajua kwa nini Wamarekani hutundika maji ya sukari uani kabla maua hayajachanua?

Ifikapo Machi, watu wengi wa kusini mwa Marekani, kuanzia Texas hadi Florida, hutundika chupa za maji ya sukari uani. Wa kaskazini hufuata Aprili. Wanamsubiri mvumaji mwenye koo jekundu, ndege mfyonza maua (hummingbird kwa Kiingereza) mwenye uzito wa gramu 3 hivi.

Haraka ya nini? Ndege huyu hukimbilia Meksiko na Amerika ya Kati wakati wa baridi, kisha hurudi kuzaliana. Wengi hukatiza Ghuba ya Meksiko, kilomita zipatazo 800 za maji matupu, pasipo pa kutua. Kabla ya safari hula na kujaza mafuta mwilini hadi uzito ukakaribia kuwa maradufu, na akifika ng'ambo mafuta hayo yamekwisha. Maua nayo mara nyingi bado. Porini hujiokoa kwa utomvu unaochuruzika kwenye matundu yaliyotobolewa na vigong'ota.

Mchanganyiko ni rahisi: kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, utamu unaokaribiana na ule wa maua. Asali isitiwe, kwani huotesha kuvu upesi. Rangi ya dukani haina kazi. Chupa yenye wekundu inatosha kumvuta. Joto likizidi, maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili na chupa isuguliwe. Dume ni mchoyo ajabu, hulinda chupa moja kutwa nzima akifukuza wenzake, kwa hiyo ya pili itundikwe asikoweza kuiona.

(Afrika haina wavumaji. Yule mdogo anayefyonza maua kwetu ni chozi, wa familia nyingine kabisa.)

Lakini sukari ni nguvu ya kuruka tu. Mwili hujengwa na wadudu na buibui wadogo, na makinda hulishwa hao hao. Jike hufunga kiota chake kwa nyuzi za utando wa buibui, kikapata kutanuka makinda wanapokua. Ndiyo maana naumia nikiona ua wa nyumba wenye chupa nzuri umepuliziwa dawa ya wadudu na kufagiliwa kila utando: ndege amekaribishwa kunywa, akanyimwa chakula cha wanawe na uzi wa nyumba. Mwenye kumtaka abaki mpaka alee, aache dawa kwanza, kisha apande maua mekundu ya asili ya huko yenye umbo la mrija.