Shoku ya damu ni nini, na kwa nini presha nzuri isikudanganye

Shoku ya damu ni pale damu iliyobaki mwilini haitoshi tena kufikisha oksijeni kwenye ubongo, figo na viungo vingine. Mtu anaweza kuwa anaongea vizuri tu na tayari yuko kwenye shoku.

Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi. Sasa chukua dereva wa boda paja limechanika, analetwa emajensi, presha 110 kwa 90, ndugu wanashukuru Mungu, lakini nesi anayejua kazi anamshika mkono kwanza, mkono wa baridi, una jasho, mapigo 120, anabonyeza kucha na rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Huyo hayuko salama hata kidogo. Mwili unabana mishipa na kukimbiza moyo ili presha isishuke (hiyo 90 ya chini kusogelea ya juu nayo ni dalili), na kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza karibu asilimia 30, yaani lita moja na nusu, presha ndo inakuja kuporomoka, tena ghafla.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba, dripu baadaye. Vaa glavu, weka gozi pale pale damu inapotokea, egemea kwa uzito wako na usichungulie. Hapa ndo wengi wanaharibu, kila baada ya nusu dakika mtu anafunua aone kama imekata, anabandua bonge la damu lililoanza kuganda, mnaanza upya. Kidonda kirefu kinashindiliwa gozi hadi ndani, na kama kuna chuma kimezama usikichomoe, bana pembeni yake. Damu ya mguu au mkono ikigoma kabisa kukata, funga mkanda wa kubana juu ya kidonda, sio kwenye kiungio, na saa iandikwe maana ukipita masaa 2 nyama zinaanza kuharibika.

Wakati huo mwenzako anaweka kanula mbili nene (vimpira vya kupitishia dripu kwenye mshipa) na anatoa damu ya kupima grupu. Maji ya dripu mengi yanazimua damu na kumpoza mgonjwa, na mwili wa baridi damu yake haigandi vizuri, ndo maana nguo mbichi zinakatwa na anafunikwa blanketi. Kuna dawa pia, asidi ya traneksamiki, inayozuia bonge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwa dakika 10, utafiti wa majeruhi uitwao CRASH-2 wa 2010 ulionyesha inapunguza vifo, ila ianze ndani ya masaa 3, ukichelewa inaweza hata kuleta madhara.

Baada ya hapo ni kupima tena na tena, mapigo, presha, kupumua, na mkojo kwenye mpira, ukiwa chini ya mili 30 kwa saa mwite daktari. Na yule aliyekuwa anaongea vizuri akianza kung'oa kanula na kutukana watu, msikimbilie kusema kalewa, ubongo unaweza kuwa umeshakosa oksijeni.