Je, wajua kwa nini wahadhiri wanakaa kikundi kusoma kuhusu kufundisha, wakati kila mtu angeweza kusoma kwake?

Kuna vikao vinafanyika vyuoni, hapa Dar pia vipo ingawa havitangazwi. Wahadhiri nane au kumi wa idara tofauti wanachagua kitabu kuhusu ufundishaji, wanatoa kopi sura moja, kila mtu anaisoma, na baada ya wiki mbili wanakutana chumba cha semina na chai na sambusa wanaijadili. Posho hamna, cheti hamna. Sasa swali linakuja, si wangesoma tu kila mtu nyumbani kwake yaishe?

Kusoma kwa kikundi si kitu kigeni pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 60 wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, na walimu kama mwanahistoria Walter Rodney walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, ila yale yalikuwa ya siasa. Vikundi vya wahadhiri kusoma kuhusu kufundisha kwenyewe vina ukoo mwingine, na mfano unaotajwa sana ni wa Miami University, iliyopo jimbo la Ohio kule Marekani, ambako walianza mwaka 1979.

Watu wengi wakisikia habari hii wanawaza kwamba hao lazima ni wahadhiri waliolalamikiwa na wanafunzi, au wanauliza mtu mwenye PhD afundishwe kufundisha nini tena. Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana wazo hili limeenea sana na linaharibu mambo mengi.

Angalia mtu anavyofika pale mbele ya darasa. Unamaliza digrii ya kwanza na GPA ya 3.8 kwenda juu, unaomba nafasi ya T.A., yaani mkufunzi msaidizi, ukienda masters wanaangalia tena GPA, ukienda PhD wanaangalia utafiti wako. Hatua zote hizo zinapima wewe unajua nini, hakuna inayopima kama yule aliyekaa safu ya mwisho kwenye kumbi za mihadhara za Yombo pale Mlimani ameelewa ulichosema. Mwalimu wa shule ya msingi anasomea ualimu, anapelekwa mazoezi, mtu anakaa nyuma ya darasa anamwangalia anavyofundisha. Mhadhiri mara nyingi anapata kozi ya siku chache, kama ipo, pamoja na slaidi za aliyemtangulia. Dan Lortie, msosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba walimu wanafundisha kwa kuiga walivyofundishwa, kwa sababu wamekaa miaka mingi kwenye dawati wakiangalia. Yeye alikuwa anaongelea walimu wa shule, ila kwa mhadhiri naona inabana zaidi. Kumbuka ni nani anayebakizwa chuoni kufundisha: ni yule ambaye lekcha ya saa mbili ilimfaa, akapiga msuli akatoka na A. Waliosapu, yaani waliorudia mitihani, na waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, hawarudi kushika maiki, kwa hiyo namna wao walivyopotea darasani haina msemaji kwenye kikao cha idara. Tatizo hili lipo hata kwa mhadhiri hodari kabisa, na huyo ndiye anayelipata sana.

Mpigie simu mwenyeji wa Manzese akuelekeze kwake. Atakwambia shuka kituoni, vuka, nyoosha mpaka pale kwenye mwembe, kata kulia, ulizia duka la Mangi. Mwembe ulishakatwa zamani na duka la Mangi siku hizi ni saluni. Huyo mtu hakudanganyi wala si mvivu, kichwani kwake mwembe bado upo, akipita pale anakata kona bila hata kufikiri. Ukimwomba aelekeze vizuri zaidi ataurudia mwembe uleule, polepole na kwa sauti zaidi. Hawezi kugundua akiwa peke yake, mpaka mgeni asimame pale njiani amuulize, mwembe upi?

Hili limepimwa. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Stanford aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mapigo ya nyimbo zinazojulikana, wengine wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walikadiria nusu zitatambulika. Kati ya nyimbo 120 zilitambulika 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, anayesikiliza anasikia meza tu.

Basi sasa utaona kwa nini kikundi kinachanganya idara. Mwenzako wa idara nyingine ni mgeni kwenye somo lako, ila ni mgeni asiyeogopa kuuliza, tofauti na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye anaona bora atafute madesa, yaani notsi za wenzake, kuliko kunyoosha mkono mbele ya watu mia nne. Kwenye kikao kimoja nilichokaa, mhadhiri wa takwimu alikuwa anaeleza anavyofundisha: p, ile namba inayoonyesha matokeo kama hayo yangetokea kwa urahisi gani kama ni bahati tu, ikiwa chini ya 0.05 matokeo yana maana, ikiwa juu hayana. Mwenzake wa sheria akamuuliza, "Dokta, hiyo 0.05 nani kaipitisha?" Yule bwana akanyamaza, akacheka kidogo, halafu akaeleza kwamba ni mazoea tu yaliyoenea kupitia kitabu cha Ronald Fisher cha mwaka 1925, na mtafiti angeweza kabisa kuchagua kiwango kingine. Miaka yote wanafunzi wake walikuwa wanaikariri kama sheria ya maumbile. Kitabu tulichokuwa tunasoma siku ile hakikusema chochote kuhusu 0.05, na ndiyo maana kukisoma peke yake kusingemfikisha pale.

Kuna sababu ya pili nayo inanivutia sana. Utafiti wa Harvard uliotoka 2019 kwenye madarasa ya fizikia ulikuta wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi ya waliosikiliza lekcha safi, lakini wenyewe waliona wamejifunza kidogo. Fikiria sasa mhadhiri aliyesoma peke yake, kajaribu njia mpya, wiki ya pili wanafunzi wananuna, anarudi kwenye slaidi zake. Mwenye kikundi anarudi kwa wenzake, anakuta nao wamenuniwa, anaendelea mpaka mwisho wa semesta.

Ushahidi wa vikundi vyenyewe lakini bado mwembamba. Ripoti nyingi zinategemea wahadhiri kujieleza kwenye dodoso, chache zimeenda kupima matokeo ya wanafunzi, halafu wanaojiunga ni wale ambao tayari wanapenda kufundisha. Kilichosimama vizuri zaidi ni uchambuzi wa mwaka 2011 wa mtafiti Charles Henderson na wenzake, waliopitia makala 191 kuhusu kubadilisha ufundishaji vyuoni: kugawa vitabu na miongozo mizuri halafu basi, au kuamrisha kutoka juu, kwa ujumla hakubadilishi ufundishaji, ila shughuli za muda mrefu, semesta nzima kwenda mbele, zina nafasi.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha achague sura fupi, achanganye idara, kila mtu ajaribu kitu kimoja darasani kati ya kikao na kikao, na mwendeshaji asiwe mkuu wa idara, maana mbele ya anayekujazia tathmini ya kazi hakuna atakayesema nusu ya darasa lake halimwelewi.