Treni ya mfano inapokwama au kuacha njia

Kabla sijashika kifaa chochote, humwomba mwenye treni aweke kipande cha karatasi kando ya reli kila mahali inapokwama au kuacha njia, kisha aizungushe mara kumi. Karatasi zikirundikana mahali pamoja, kosa ni la reli. Zikitawanyika, kosa limo kwenye kichwa au behewa.

Hapa Moshi, hasa kabla ya mvua za masika, mtuhumiwa wa kwanza wa kukwama ni vumbi. Gurudumu hugusa reli mahali padogo mno, hivyo utando mwembamba wa vumbi na mafuta hutosha kukata umeme. Mimi hufuta reli na magurudumu kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti ya duka la dawa. Msasa siutumii, maana mikwaruzo yake hushika uchafu upya, na stilwaya ya kusugulia sufuria ni mbaya zaidi, kwani nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota.

Reli ikiwa safi na treni bado inalegea, pima volti, lakini hapa ndipo wengi hupotea. Jamaa mmoja wa mtaa wa Soweto hapa Moshi alipima akapata volti 12 kila mahali, akaamini viungio vyake, yaani sehemu vipande vya reli vinapoungana, ni vizima. Nilimwambia apime tena kichwa kikiwa kinavuta mabehewa palepale, na mita ikashuka hadi 8. Kiungio kilicholegea huonyesha volti kamili wakati hakuna mkondo unaopita. Udhaifu wake hujitokeza umeme unapotumika. Tulilehemu jozi ya nyaya kutoka kwenye kidhibiti, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli, hadi kipande kile cha reli, treni ikapita.

Kutafuta chanzo cha kuacha njia kunahitaji ukucha zaidi ya mita. Upitishe kwenye kila kiungio, juu na upande wa ndani wa reli. Pale ukucha unapokwaruza, gurudumu nalo litakwaruza. Kwa kipimo cha 1:87, yaani treni iliyo ndogo mara 87 kuliko ile halisi, ngazi ya nusu milimita ni sawa na zaidi ya sentimita 4 kwenye reli halisi, na sidhani dereva wa treni ya Dar es Salaam angekubali kupita hapo.

Kama mahali panabadilika lakini behewa linaloanguka ni lilelile, pima kwa kalipa nafasi ya ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, ambayo kwa kipimo hicho cha 1:87 inapaswa kukaribia milimita 14.4. Behewa moja nililoletewa lilikuwa na 13.9, nalo lilipanda reli karibu kila pointi, yaani mahali njia inapogawanyika. Mwenyewe alikuwa ameshalibandika vyuma ili liwe zito lisiache njia. Nililivuta gurudumu nje huku nikilizungusha taratibu, kwa kuwa likilazimishwa ekseli hupinda, kisha nikavibandua vile vyuma.