Je, wajua kwa nini maandamano ya Pride hufanana na harusi?

Swali hili si langu. Ni la ami yangu mmoja, fundi wa majahazi aliyestaafu, jioni tukiwa tumekaa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu. Kijana mmoja alikuwa akituonyesha video kwenye simu. Ilikuwa barabara ya New York mwezi wa Juni, bendera za rangi za upinde wa mvua kila upande, na juu ya lori lililopambwa maua kuna mtu mwenye ndevu na gauni refu la kumeremeta, anaimba kwa sauti nzito iliyotulia. Ami aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hebu nieleze, mwanangu. Hawa wanaandamana au wako harusini?"

Nikamwambia wanaandamana. Hakuridhika. Maandamano anayoyajua yeye yana mabango na vumbi, hayana mwimbaji aliyejipamba. Usiku ule nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu aligusa kiini cha jambo bila kujua.

Pride ni sherehe ya watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia, na watu wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Hawa wa mwisho tusiwachanganye na huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoegemea upande mmoja. Vitabu vya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, vimemzungumzia tangu kale katika mlango wa mirathi, na sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu wa namna hiyo 1,524. Hapa tunazungumza juu ya namna mtu anavyojijua nafsini mwake. Na Kiswahili, kwa bahati njema, hakitulazimishi kumuainisha mtu kabla ya kumtaja. "Anaimba" yatosha. Waingereza, wenye "he" na "she", wana kazi ngumu zaidi hapo.

Sasa, kwa nini waimbe? Jibu linaanzia kwenye sheria za mavazi. Mwaka 1848 mji wa Columbus, Ohio, nchini Marekani, ulipiga marufuku mtu kutokea hadharani akiwa amevaa nguo zisizo za jinsia yake. San Francisco ikafuata 1863, na miji mingine mingi baada yake. New York ilikuwa na sheria ya 1845 iliyokataza kujificha uso na kujigeuza sura. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya wakulima waliokuwa wakijivika kama Wahindi Wekundu ili kuwapiga watoza kodi ya ardhi. Wakulima wakasahaulika, sheria ikabaki, na karne iliyofuata polisi wakaitumia kumkamata mwanamume aliyevaa gauni.

Jukwaani mambo yalikuwa mengine. Huko gauni lilikuwa vazi la kazi, na watazamaji wamelipa kiingilio. Kundi la Jewel Box Revue, lililoanzishwa Miami mwaka 1939, lilizunguka Marekani kwa miongo kadhaa likijitangaza kuwa na wanaume 25 na msichana mmoja. Watu walikaa kitako wakibahatisha msichana ni yupi kati ya wale warembo. Kumbe msichana ndiye yule bwana wa suti aliyekuwa akiongoza onyesho, Stormé DeLarverie, aliyeifanya kazi hiyo kuanzia 1955 hadi 1969. Fikiria maisha hayo. Nguo inayokuletea makofi saa tatu usiku ndiyo inayoweza kukutia mbaroni saa sita ukiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa watu wengi wa aina hii, jukwaa halikuwa pambo la maisha. Ndipo mahali pekee walipoweza kusimama walivyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, polisi waliivamia baa ya Stonewall Inn mjini New York. Baa ile ilikuwa ya genge la Mafia na haikuwa na leseni ya kuuza pombe, lakini watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja waliruhusiwa kucheza dansi humo, na hilo lilikuwa adimu. Safari hii hawakutawanyika. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa, na hapa ndipo ninapompa ami jibu lake. Askari wa kutuliza fujo walipojipanga kwa virungu, vijana walijipanga mbele yao mkono begani, wakirusha miguu juu kama wacheza dansi wa kumbi za starehe, huku wakiimba nyimbo za dhihaka. Wimbo ulikuwepo kabla ya bango. Maandamano ya kwanza ya kuukumbuka usiku ule yalifanyika tarehe 28 Juni 1970.

Mwanamke wa Lamu hahitaji kufafanuliwa hili. Kwenye vugo la harusi, wanawake wakipita mitaani wanagonga pembe kwa vijiti, husikika maneno ambayo hakuna awezaye kuyatamka barazani mchana. Kinachokosa pa kusemwa huimbwa.

Lakini hata jukwaa la Pride lenyewe liligombewa. Tarehe 24 Juni 1973, kwenye uwanja wa Washington Square, Sylvia Rivera, mwanaharakati aliyezaliwa mwanamume akaishi kike, alipigania njia hadi akakifikia kipaza sauti. Alikuwa na miaka 21. Miaka mitatu kabla ya hapo, yeye na Marsha P. Johnson, msanii aliyejulikana kwa maua kichwani, walianzisha kundi la STAR lililowapa makao vijana wasio na pa kulala. Alitaka kuwasemea wenzake walioko jela. Umati ukamzomea. Waliomzomea walikuwa watu wa harakati hizohizo, wengine wakiona kwamba mwanamume anayevaa kike anawadhihaki wanawake. Ugomvi ulipozidi, mwimbaji Bette Midler alipanda akaimba ili watu watulie. Rivera akaondoka na moyo uliovunjika, akajitenga na harakati kwa miaka mingi. Kila ninapoisoma habari hii huumia: kuzomewa na adui ni jambo moja, kuzomewa na jamaa zako ni jingine kabisa.

Wanaotawala nao wanaijua nguvu ya jukwaa. Bülent Ersoy, mwimbaji wa muziki wa asili wa Uturuki, alifanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia London mwaka 1981. Serikali ya kijeshi ikampiga marufuku kuimba hadharani, marufuku iliyodumu hadi 1988. Walichomnyima ni jukwaa, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akionekana na kusikika.

Huku kwetu sherehe kama hiyo haifanywi barabarani. Vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Vifungu hivyo havimtaji aliyebadili jinsia. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia.

Nilipomsimulia ami kisa cha Rivera, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na huyo aliyezomewa, walimrudisha?"

Walimrudisha. Mwaka 1994, katika maandamano ya kutimiza miaka 25 tangu Stonewall, alipewa nafasi ya heshima. Marsha alikuwa amekwisha kufa miaka miwili nyuma.